Kinda wa tano wa bundi anadhoofu, namwona kwenye kamera: nimsaidie au nimwache?

MamaNuru_Mlali, 9 Juni, saa 4:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Nina mashine ya kusaga hapa Mlali, Morogoro, na nyuma yake kuna stoo ya mahindi. Mwaka jana kwenye dari ya stoo walihamia bundi. Siyo wale wa kuguna "hu, hu". Hawa tumboni ni weupe, mgongoni rangi ya dhahabu iliyomwagiwa majivu, na uso ni kama moyo uliokatwa kwa mkasi. Mkubwa akilia ni kama mtu anachana shuka. Makinda wanakoroma usiku kucha, krrrsh, krrrsh, mpaka mlinzi wangu akaacha kazi na mshahara wa nusu mwezi hakurudi kuudai.

Fundi aliyepanda darini alishuka na ndoo nzima ya madonge meusi, yale bundi anayoyatapika baada ya kula. Nikakaa uani na binti yangu Nuru, tukaloweka donge moja kwenye maji ya uvuguvugu na kulichambua kwa kijiti. Manyoya, mifupa myembamba kama sindano, na mafuvu manne ya panya. Donge moja, mafuvu manne! Na mimi mwezi huohuo nilikuwa nimewalipa wateja wawili magunia yaliyotobolewa, na sumu ya panya nilikuwa nainunua kama chumvi.

Shemeji alishakuja na manati. Nikamwambia kaa chini.

Makinda walipokwisha ruka tukaziba dari. Nikaenda kwa seremala na vipimo: urefu sentimita 60, upana 45, kimo 60, na tundu la sentimita 13 upande mmoja, juu kabisa. Aliandika, akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Pole mama, ni mtoto wa nani?" Alidhani natengenezesha jeneza. Nilivyomwambia ni nyumba ya bundi naona afadhali ningemwambia ni jeneza.

Sanduku tumelifunga ukutani chini ya paa la stoo, upande wa mashariki usiopigwa na jua la alasiri, na pengo la kiganja kati yake na bati. Ndani nikamwaga maranda kidogo kama ya banda la kuku. Kamera nilikuwa nayo, ile ndogo ya waifai iliyokuwa inachunga mlango wa stoo. Nikaigeuza kazi, nikaipachika kwa ndani kwenye kifuniko. Hiyo ilikuwa Februari, ndege hawajaja. Walianza kulala humo katikati ya Machi.

Yai la kwanza 24 Aprili. La pili tarehe 26, la tatu 29, la nne 1 Mei, la tano 3 Mei. Jike hakungoja yatimie, alianza kuatamia tangu lile la kwanza. Kwa hiyo na kuangua kukafuata foleni ileile: wa kwanza 25 Mei, wa mwisho 3 Juni. Sasa hivi ninavyoandika, mkubwa ana siku 15, ameshafumbua macho na manyoya yake yamekuwa mazito kama pamba ya godoro. Wa tano ana siku sita. Ni mwekundu, kipofu, kichwa kinamlemea. Wakiwa pamoja huwezi kujua kuwa ni ndugu.

Basi dume akileta panya, jike anamkanyaga kwa mguu mmoja na kumchana vipande vyembamba. Anainama, anatoa mlio mdogo kama kuku anayeita vifaranga, na vichwa vinainuka. Wa tano anainua cha kwake wa mwisho. Kabla hajakifikisha juu nyama imeshaingia kwa mwingine. Jana usiku nilihesabu dume ameingia mara 14. Panya 13 na chura mmoja. Kati ya hizo zote wa tano nimemwona akimeza mara mbili tu. Leo mara moja. Mchana kutwa amelala chini ya bawa la yule mkubwa kama kitambaa kilichosahauliwa.

Nina ngazi. Nina maini ya kuku kwenye friji. Nikipanda nikamlisha kidogo kwa kibanio, nitakuwa nimeharibu? Jike anaweza kuwakimbia?

Pili, picha usiku inakuja na ukungu mweupe upande wa kulia, mchana haupo.

Tatu, mama mkwe wangu yuko nasi, ni mtu wa Pangani, na kwao ndege huyu ni babewatoto, anawaletea watoto dege. Anaomba sanduku lishushwe. Simlaumu, alizika mtoto wa degedege enzi hizo hospitali iko mbali. Lakini sasa nifanyeje?

---

Sisemi, 9 Juni, saa 4:40 usiku

Dada umefuga uchuro, umeupigia seremala, umeuwekea na kamera. Ukisikia umeitwa kwenye kikao cha ukoo usije hapa kuuliza kwa nini. Msikilize mama mkwe.

---

FundiWaya, 9 Juni, saa 5:05 usiku

Mimi ya ndege sijui, nijibu ya kamera.

Huo ukungu wa usiku tu, mara tisa kati ya kumi ni utando wa buibui. Zile taa za infraredi zinazozunguka lenzi zina joto kidogo, wadudu wanazifuata, buibui naye anawafuata wadudu. Mchana huuoni kwa sababu taa zimezima. Usiku uzi mmoja mbele ya lenzi unawaka kama tyubulaiti. Ikiwa siyo buibui basi kamera iko karibu mno na ubao, mwanga unagonga ubao na kurudi. Dawa yake ni kuziba taa mbili tatu za upande huo kwa kipande cha plasta.

Lakini USIPANDE sasa. Ukungu haujaua mtu.

Siku ukipanda, angalia kama taa zinatoa wekundu hafifu. Zikitoa, ni zile za nanomita 850. Zipo za 940 ambazo jicho halizioni kabisa, hizo ndizo nzuri kwenye kiota. Na kama picha ya karibu imefifia, hizi kamera za bei ya chini kiwandani wanazilenga kuona mbali, mlangoni au getini. Lenzi imegandishwa kwa tone la gundi. Kwangua gundi polepole, izungushe lenzi kidogo kidogo huku unatazama simu, itakuja safi.

Weka memori kadi irekodi humohumo. Halafu ukitazama ukiwa ndani ya waifai yako mwenyewe, kamera nyingi za hivyo hazili bando. Ukitazama ukiwa sokoni ndiyo bando linakwenda.

---

Mzee_wa_Mitego, 10 Juni, saa 12:20 asubuhi

Mama Nuru, shikamoo hapana, nadhani nimekuzidi umri, basi marahaba.

Nimefanya kazi ya kutega panya mashambani kwa ajili ya watafiti kwa miaka mingi. Watu wakisikia SUA, kile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapo Morogoro, na panya wanafikiria wale panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Sisi wetu walikuwa panya shamba, wale wadogo wa kahawia wanaofukua mbegu ya mahindi usiku uleule uliyopanda. Tuliwahi kusimamisha nguzo za kutua ndege wawindaji na masanduku ya viota kwenye mashamba ya majaribio. Kwa hiyo sanduku lako halinishangazi, na seremala wetu naye aliuliza maswali.

Usimlishe. Nitakwambia kwa nini ili usidhani nina roho mbaya.

Bundi huyu anataga kwa kupishana makusudi. Hajui mwaka huu panya watakuwa wengi au wachache. Wakiwa wengi, wote watano watakua. Wakipungua, wakubwa watashiba na mdogo atakwenda. Angewaangua siku moja wakiwa sawasawa, chakula kidogo kingegawanywa kwa watano na pengine wote wangekufa. Huyo wa tano ni kama debe la akiba: mwaka mzuri unalitumia, mwaka mbaya unalimwaga.

Pili, jike bado anawakumbatia, na ataendelea mpaka mkubwa afikishe karibu wiki tatu. Ukigonga ngazi ukutani sasa anaweza kutoka mchana, kunguru wamwone, na wanne walio salama wakae bila joto. Kumshika kinda siyo tatizo, bundi hanusi mkono wako. Tatizo ni kumtoa mama.

Akifa, usishtuke ukiona wenzake au mama yake wanamla. Mtoe Nuru mbele ya simu siku hiyo, au kaa naye umweleze.

Jambo la kuangalia ni jingine. Sumu. Wewe umeacha, jirani zako je? Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya anazunguka siku kadhaa akipepesuka, anatoka mchana, na huyo ndiye rahisi kukamatwa. Bundi mmoja akila panya wa namna hiyo watatu wanne, sumu inahamia kwake. Zunguka nyumba za karibu uzungumze nao. Hilo ni muhimu kuliko maini ya kuku.

---

Zaituni_Leicester, 10 Juni, saa 3:15 usiku

Dada Mama Nuru, nimekusoma nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo.

Niko Uingereza mwaka wa 11 sasa. Kwenye ua wangu mdogo nina sanduku la kiota lenye kamera, nililipewa kama zawadi na mwanangu. Tundu lake ni milimita 25 tu, anaingia ndege mmoja wa bluu na njano ambaye hapa anaitwa blue tit, uzito wake hauzidi wa barua. Yeye ni kinyume cha bundi wako: anataga yai moja kila asubuhi, anayafunika kwa manyoya, anaondoka zake, na haatamii mpaka yakaribie kutimia. Mwaka huu yalikuwa tisa. Wakaangua karibu kwa pamoja, na wazazi wakawa wanaingia na kiwavi kila dakika mbili tatu, tangu alfajiri mpaka jua linazama, ambalo huku mwezi wa Mei ni karibu saa tatu usiku. Nilikuwa nachoka mimi niliyekaa kwenye kochi.

Halafu ikaja wiki ya mvua ya baridi. Viwavi hawapatikani. Wakafa watatu siku mbili. Mama yao aliwatoa nje mmoja mmoja kwa mdomo. Nililia jikoni, mume wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba kutoka nyumbani.

Nakwambia hivi ili ujue hauko peke yako. Mimi sikupanda. Na kwa bundi wako huku nisingeweza hata nikitaka: kuna sheria ya 1981, kumsumbua bundi huyo akiwa kwenye kiota ni kosa. Waingereza hawa hawa ambao zamani walikuwa wakimpigilia bundi misumari kwenye mlango wa ghala kufukuza radi. Kwa hiyo mama mkwe asionekane ni wa ajabu, kila watu wana yao.

---

MamaNuru_Mlali, 12 Juni, saa 1:30 usiku

Asanteni. Mzee, shikamoo.

Wa tano amekufa leo alfajiri. Niliamka saa 10 kuwasha simu, nikaona jike anamsukuma kwa mdomo, anamgeuza, anamwita kwa ule mlio wa kulishia. Kama dakika nne hivi. Kisha akaacha. Kilichofuata Mzee ulikisema, sitakirudia. Nuru alikuwa amelala, nikamweleza wakati wa chai. Akauliza kama wa nne anajua kwamba sasa yeye ndiye wa mwisho. Sikuwa na jibu.

Majirani nimezunguka nyumba sita. Watano wamenielewa, au wamejifanya kunielewa. Mmoja kaniambia panya ni wake, sumu ni yake na pesa ni yake.

Mama mkwe: nilimwomba aje atazame mara moja tu, akikataa baada ya hapo nitashusha. Alikaa na kanga imefunika mdomo. Dume akaingia na panya. Mama akasema, "Huyo si yule wa kwenye pipa la pumba?" Akaingia na mwingine. Baada ya saa nzima aliondoka bila kusema lishushwe wala lisishushwe. Bado hatamki jina lao. Anawaita "wageni wako". Leo asubuhi kaniuliza, "Wageni wako jana walileta wangapi?" Nikamwambia 11. Akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamekuja na jembe lao."

---

Sisemi, 12 Juni, saa 2:02 usiku

Pole kwa msiba wa bundi. Sijawahi kuandika sentensi kama hii maishani.

---

MamaNuru_Mlali, 20 Juni, saa 5:48 usiku

Wakuu nimeona kitu, niambieni kama naota.

Jike sasa halali nao, anatoka kuwinda na yeye. Wazazi wanadondosha panya mzima na kuondoka hapo hapo. Mkubwa anameza mzima mzima, kichwa kwanza, mkia unabaki unaning'inia mdomoni kama uzi wa kiatu. Leo saa 3 na nusu usiku dume kadondosha panya, mkubwa kamnyakua. Wa nne akamsogelea, akaanza kukoroma ule mkoromo wao, mrefu, anapumzika, anakoroma tena. Yule mkubwa akakaa na panya mdomoni, anatazama ukuta. Halafu akageuka, akainama, AKAMPA. Wa nne kamchukua akaenda naye kona.

Nimerudisha kwenye memori kadi mara sita. Siyo kwamba kamnyang'anya. Kampa.

---

Mzee_wa_Mitego, 21 Juni, saa 12:05 asubuhi

Huoti. Watafiti wa Uswisi wamewafuatilia bundi hawa hawa kwa miaka mingi, wakarekodi sauti zao. Makinda wanapatana kabla mzazi hajafika: mwenye njaa zaidi anakoroma zaidi, asiye na njaa sana ananyamaza na kumwachia zamu. Na mkubwa aliyeshiba humpa mdogo. Utawaona pia wanachambuana manyoya ya shingoni.

Kwa wa tano haikuwezekana kwa sababu wakubwa wenyewe walikuwa bado wanalishwa vipande na mama. Walikuwa hawana cha kumpa.

---

MamaNuru_Mlali, 27 Juni, saa 12:50 asubuhi

Mzee naomba unijibu haraka. Dume hajaonekana usiku wa juzi wala wa jana. Jike peke yake kaleta panya watatu tu usiku kucha. Makinda walikoroma mpaka kunakucha.

Asubuhi hii kijana wa mashine kamkuta chini ya mwembe, upande wa yule jirani. Hana jeraha, ila damu kidogo puani. Nimemfunga kwenye kiroba cha sembe, nimemzika nyuma ya stoo. Sijamwambia jirani kitu. Nikimwambia leo nitasema maneno yasiyorudi.

---

Mzee_wa_Mitego, 27 Juni, saa 1:10 asubuhi

Pole sana mwanangu. Damu puani bila jeraha ni dalili ya sumu zile zinazozuia damu kuganda, ingawa bila kupimwa huwezi kuapa.

Sasa nabadilisha neno langu la mwanzo. Mkubwa ana siku 33, mdogo 26. Hawahitaji joto la mama, na wanameza wenyewe. Mama mmoja kulisha wanne wa umri huo peke yake ni kazi ngumu. Hapa msaada unafaa. Lakini siyo maini. Wanahitaji manyoya na mifupa, mnyama mzima. Tega panya kwa mtego wa kubana au ule wa ndoo ya maji, mahali unapojua hapana sumu. Jioni jua likizama, mchana jike halali humo tena kwa ulivyosema, panda taratibu, waweke sakafuni mwa sanduku, shuka. Wanane kumi hivi kwa siku, punguza ukiona wanabaki. Waliobaki mpaka asubuhi watoe, wasioze.

---

Zaituni_Leicester, 27 Juni, saa 4:30 asubuhi

Huku vituo vya kutunza bundi wanawapa vifaranga vya jogoo vya siku moja, vilivyokwisha kufa, wanavigandisha. Kama kuna mtu anatotolesha mayai karibu nawe muulize, kuna vinavyokufa kila mara.

---

MamaNuru_Mlali, 3 Julai, saa 4:20 usiku

Nawapa taarifa, na mcheke mnavyotaka.

Siku ya kwanza nikaweka mitego minane ndani ya mashine. Asubuhi: panya mmoja. Mmoja! Miezi minne bundi wamefagia. Mimi niliyekuwa natoa pesa kuwaua panya sasa nawatafuta panya kama dhahabu.

Nuru akaenda kusema kwa watoto wenzake. Jioni wakaja watano na kopo la maziwa ya unga, ndani panya saba wa kunaswa kwenye mashamba ya bondeni. Bei wamepanga wenyewe, shilingi 200 kwa mmoja, na wakubwa wenye mkia mzima 300, sijui mkia unahusika vipi. Niliwauliza mara tatu kama kuna sumu huko, wakaapa kwa mama zao. Mlipaji ni mama mkwe. Amefunga sarafu kwenye pindo la kanga, anahesabu panya mmoja mmoja kwa kijiti, na jana kamrudisha mmoja kwa sababu alikuwa ananuka. "Huyu hata paka hali. Mnataka kuwaua wageni?"

Nilipopanda mara ya kwanza nilidhani nimekosea sanduku. Wanne walisimama kwa safu ukutani, wakainamisha vichwa chini na kuvipeleka kulia kushoto kama wanapepeta, huku wanapuliza kama nyoka. Nilitetemeka ngazini. Harufu, jamani, mkojo wa panya na samaki wa jana. Nikamwaga panya, nikapangusa lenzi kwa ncha ya kanga. FundiWaya, ilikuwa buibui. Picha sasa safi.

Dakika 20 baadaye nikiwa ndani, mkubwa kashuka kwenye safu, kachukua wa kwanza. Jike alikuja saa 2 na robo na panya wake, akakuta wamekula, akasimama kidogo na panya mdomoni. Akamweka chini, akatoka.

Kwa jirani nilikwenda jana na mama mkwe. Yeye ndiye aliyesema, mimi nilinyamaza. Sitaandika alichomwambia, ila kilikuwa kwa upole na kilichukua dakika kama kumi. Jirani kasema sumu iliyobaki ataifukia. Sijui kama ameifukia.

---

Sisemi, 3 Julai, saa 4:55 usiku

Mama mkwe apewe uenyekiti wa kijiji. Tupia hiyo video ya kupepeta basi.

---

MamaNuru_Mlali, 29 Julai, saa 2:40 usiku

Nilikuwa kimya, msimu wa kusaga umechanganya.

Mkubwa alitoka 21 Julai. Alikaa tunduni siku tatu mfululizo kila jioni, anapiga mabawa, anarudi ndani. Siku hiyo akatoka kama mtu aliyesukumwa, akatua juu ya bati la banda la kuku, akateleza mpaka kwenye mfereji. Mimi na Nuru tulikuwa nje tumeshika tochi iliyozimwa. Wa pili 23, wa tatu 26. Wote wanarudi kulala sandukuni alfajiri, wanabanana. Wa nne bado. Ana siku 58, anasimama tunduni, anachungulia chini, anarudi kona yake. Jike bado anamletea. Nimeacha kuweka panya tangu Jumapili maana walikuwa wanabaki.

Mzee, kuhusu kusafisha sanduku: nitangoja wote wahame kabisa ndiyo nitoe takataka, nitabakiza kidogo chini kama ulivyonielekeza kwenye ujumbe. Zaituni, mama mkwe anakusalimu, anauliza huko mnalala saa ngapi kama jua linazama saa tatu.

Tatizo lililobaki ni watoto. Niliwaambia biashara imefungwa, hawaelewi. Kila jioni wako getini na lile kopo la maziwa. Leo walikuwa na tisa, na wameshusha bei.